Nyuki wa Shemeji

2 Machi

Bibi shamba amenipa daftari hili. Amesema kila siku niandike mambo matatu: mvua imenyesha au haikunyesha, majani yamekauka saa ngapi, na nimetupa matunda mangapi kwa sababu ya ukungu. Ni binti mdogo, hata miaka ishirini na mitano sidhani kama ametimiza, na buti zake za mpira bado zinang'aa. Nikamwitikia. Moyoni nikasema, mtoto wa juzi huyu, mimi nalima stroberi tangu hajajua kufunga kamba za viatu.

Mvua, jioni. Majani, saa nne. Nimetupa tisa.

3 Machi

Mvua usiku kucha. Kumi na nne.

5 Machi

Leo nimekiona ninachokiogopa. Tuta la saba, tunda kubwa, jekundu, upande wa juu linang'aa kama limepakwa mafuta. Nikaligeuza. Chini lilikuwa na manyoya ya kijivu, laini, kama ya panya mchanga. Nilipolivuta, vumbi lake likapanda kama moshi, likatua kwenye matunda ya jirani. Bibi shamba alikwisha kusema: usilitikise, lichume polepole, litie kwenye ndoo yenye kifuniko, ukalifukie mbali. Miaka sita mimi nimekuwa nikiyatupa pembeni ya shamba tu, kama maganda.

Jioni mume wangu alivaa pampu mgongoni akapulizia dawa matuta yote arobaini. Dawa ni ileile ya kila mwaka. Mama mkwe, kwenye kiti chake cha plastiki barazani, akasema sisi tunampa mgonjwa uji uleule, asipopona tunaongeza uji. Hatukucheka.

Ishirini na mbili.

8 Machi

Mvua. Amepulizia tena. Thelathini na moja.

10 Machi

Bibi shamba amekuja na mitungi miwili ya kioo. Katika mmoja ameweka stroberi nzima kutoka tuta lililopuliziwa, katika mwingine kutoka tuta ambalo halikuguswa. Ametia karatasi iliyolowa chini, amefunga, ameiweka dirishani jikoni kwangu na kunikataza kufungua. Mama mkwe ameuliza kama hiyo ni jamu.

13 Machi

Mitungi yote miwili imeota ndevu. Ule wa matunda yaliyopuliziwa ndio wenye ndevu nyingi zaidi.

Bibi shamba aliiweka mezani mbele ya mume wangu. Mume wangu akaitazama, akauliza kama alichanganya mitungi. Binti akasema hapana, ukungu wa shamba hili umeizoea dawa, miaka mingi mmeupiga kwa fimbo moja sasa hausikii maumivu. Mume wangu akatoka nje. Nikamsikia akikohoa nyuma ya ghala.

Kabla ya stroberi alikaa miaka tisa machimboni, akipasua mawe. Alikuwa anakuja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Mtoto wetu mkubwa alimwita "mgeni" mpaka alipoingia darasa la pili. Shamba hili ndilo lililomrudisha, ila kifua kilirudi na mlio, kama mlango usiotiwa mafuta. Mwaka jana mvua ilituharibia nusu ya mavuno. Ikitufanyia hivyo tena mwaka huu, mnunuzi atahamishia lori lake kwa wengine, na mume wangu atarudi kule. Hajasema. Lakini juzi nimemkuta anazipaka mafuta buti zake za machimboni.

14 Machi

Mvua. Hamsini na tatu.

17 Machi

Bibi shamba ameleta unga kwenye mfuko, wa rangi kama ya pumba. Kasema uwekwe mahali pa baridi, maana una uhai. Ni kuvu.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kuvu tunayo ya kutosha, nikamwambia, labda tukugawie. Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa na kunieleza taratibu. Kumbe ukungu wa kijivu hauanzii kwenye tunda, unaanzia kwenye ua. Ua likianza kunyauka, zile sehemu zilizokufa ndizo chakula chake. Unakula, unaingia ndani ya tunda changa, unajificha kimya, na tunda likiiva ndipo unajitokeza. Hii kuvu ya mfuko haidhuru tunda wala mtu. Ikitangulia kukaa kwenye ua, inakula kile chakula chote. Ukungu ukija unakuta sahani tupu.

"Ila dawa muache kabisa," akasema. "Dawa haiwezi tena kumuua adui, lakini huyu rafiki itamuua."

Mama mkwe akadakia kwamba dawa ya moto ni moto, akaomba aonje unga. Tukamnyima.

Tumeuchanganya na maji, mume wangu amepulizia. Sitini na moja.

19 Machi

Lori limekuja, limerudisha vikasha nusu. Dereva alivifungua kimoja kimoja mbele ya majirani, akavipanga chini kwenye tope. Hakuwa na ubaya, alikuwa anafanya kazi yake. Nilitamani angekuwa na ubaya.

Mvua saa nane. Unga umeoshwa wote.

20 Machi

Tumepulizia unga tena. Mvua imeuosha tena. Sabini.

22 Machi

Nimeamka alfajiri nikasikia mlio wa pampu. Nikadhani anapulizia unga. Nilipofika tuta la tatu pua ikaniambia: ni dawa. Ile ya zamani, kopo zima, na ameichanganya mara mbili ya kipimo.

Nikamshika mkono. Akautoa. Nikamwambia anaua kile tulichokipanda siku tano. Akasema hakuna tulichopanda, tumemwagia maua pumba kwa sababu mtoto wa shule amesema.

"Mikono yangu haiwezi kukaa tu inatazama," akasema.

Tukazozana katikati ya matuta kama watu wasio na haya, majirani wanasikia. Mwisho alitua pampu, akakaa kwenye tope, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Nikakaa karibu naye. Hatukuombana radhi. Tulitazama tu yale matunda, mekundu juu, na wote wawili tulijua chini kuna nini.

Themanini na nane. Nimehesabu mara mbili nikitumaini nimekosea.

24 Machi

Nilidhani bibi shamba atatukaripia. Hakutukaripia. Alipita tuta kwa tuta, ameinama, mikono mgongoni kama mzee. Kisha akatuita. Akasema hata tusingepulizia dawa, kwa pampu tusingeshinda. Maua mapya yanafunguka kila asubuhi, na mvua inaosha kila jioni. Anahitajika mfanyakazi wa kupita kwenye kila ua, kila siku, aguse kwa mguu tu, na asichoke.

Mume wangu akauliza mfanyakazi gani huyo.

"Nyuki," akasema. "Mlangoni pa mzinga tunaweka kisanduku chenye unga. Nyuki akitoka anaukanyaga, anaubeba miguuni hadi kwenye ua. Tunahitaji mizinga miwili tu. Nimesikia kuna mfugaji wa nyuki ng'ambo ya kile kilima, wanasema ni ndugu yenu."

Hata mama mkwe alinyamaza, na yeye kunyamaza si kawaida yake. Mume wangu akaniangalia, haraka, kisha akageuza macho. Binti wa watu akabaki anatutazama mmoja mmoja, hajui amekanyaga nini.

25 Machi

Niandike. Daftari hili ni la mvua na majani, lakini sina mwingine wa kumwambia.

Mfugaji wa nyuki ni mdogo wa mume wangu. Ni shemeji yangu. Miaka mitatu iliyopita alikuwa na mizinga kumi na mmoja upande wa juu wa shamba letu. Alikuwa ametuomba jambo moja tu: tukitaka kupulizia dawa ya wadudu, tumwambie siku moja kabla, afunge mizinga, na tupulizie jioni nyuki wakiwa wamelala. Tukakubali. Tuliliheshimu hilo misimu mitatu.

Siku ile mume wangu alikuwa amesafiri kufuata miche. Wadudu walikuwa wamejaa, na mimi nilikuwa na harusi mchana, nguo mpya imeshatoka kwa fundi. Nilitaka niwahi. Nikavaa pampu saa nne asubuhi, maua yamefunguka, nyuki wamejaa juu yake wanavuma. Niliwaona. Sikuwa mjinga. Niliwaona, nikasema moyoni watapisha.

Hawakupisha. Jioni niliporudi na rangi ya kucha vidoleni, chini ya mizinga kulikuwa kweusi kama mtu amemwaga gunia la kahawa. Wengine walikuwa bado wanatetemeka.

Mume wangu alirudi jioni hiyohiyo, akaiona pampu bado ina dawa, akaelewa. Kabla hatujasema neno mdogo wake aliingia uani akilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, akauliza ni nani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Mume wangu akasema, "Ni mimi."

Sikutoka. Hilo ndilo ninaloliandika. Mlango ulikuwa wazi, ningeweza kutoka, na sikutoka. Tangu siku hiyo ndugu hawa hawajasalimiana. Mama mkwe aliugua, walikutana hospitali, wakakaa pande mbili za kitanda kimoja kama watu wanaosubiri mabasi tofauti.

Nilipomwambia mume wangu nitakiri, aliniambia nikae kimya, kwamba ndugu watapatana siku moja lakini mke akikataliwa na ukoo hapatani nao. Nikamsikiliza upesi mno. Nilitaka kusikia hivyo.

Mvua kutwa. Tisini na nne.

27 Machi

Nimekwenda kwa shemeji. Sikumwambia mume wangu.

Nilimkuta anatengeneza viunzi vya mizinga, misumari mdomoni. Sasa ana mizinga sita, ameianzisha upya kwa makundi ya nyuki aliyoyatega porini. Alinipokea vizuri, maana mimi hanichukii, na huko kupokewa vizuri ndiko kulikoniumiza. Akaniletea kiti na maji. Nikamweleza ukungu, unga na nyuki. Akasikiliza hadi mwisho, akatema misumari mkononi.

"Shemeji, wewe nakuheshimu," akasema. "Lakini unataka niwapeleke nyuki kwa mtu aliyewaua?"

Ulimi ulikuwa hapa, kwenye meno. Nikaumeza. Nikamshukuru kwa maji, nikarudi na mvua.

28 Machi

Mia na tatu. Mnunuzi amepiga simu. Lori halitakuja mpaka tutakapomwita, na tusimwite kabla hatujawa na matunda safi.

29 Machi

Ameondoka.

Aliniamsha saa kumi na moja, amekwisha kuvaa buti. Amesema wamemwita machimboni, kuna nafasi ya miezi mitatu, ataona. Nikamwambia kifua chako. Akasema kifua anacho kule na hapa. Nikamwambia watoto. Akasema ni kwa ajili yao. Kila nililosema alikuwa na jibu tayari, alikuwa ameyapanga majibu kama nguo kwenye begi. Nikajua hakulala.

Mlangoni alirudi. Nikadhani amebadili mawazo. Alirudi kuchukua sweta.

Sikuhesabu matunda leo.

30 Machi

Mvua.

31 Machi

Mvua. Mia na kumi na tisa. Nimeyafukia peke yangu, shimo limejaa maji, yakawa yanaelea.

1 Aprili

Amepiga simu. Tumeongea dakika mbili, na moja kati ya hizo alikuwa anakohoa. Nimemuuliza kama wamewapa vitambaa vya kuziba pua. Amesema vipo. Namjua, anapodanganya husema neno moja.

2 Aprili

Nimekwenda tena kwa shemeji, asubuhi, manyunyu yananyesha. Sikukaa kwenye kiti alichonipa. Nilijua nikikaa nitaanza kuzungumzia hali ya hewa.

"Ni mimi niliyewaua nyuki wako," nikamwambia. "Kaka yako hakuwepo. Alikuwa amefuata miche. Mimi niliwahi harusi, nikapulizia saa nne. Nilikuwa nyuma ya mlango siku ile ulipokuja."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa. Shemeji alibaki ameshika nyundo, hakuniangalia mimi, aliangalia nyundo. Akauliza swali moja, kama kaka yake anajua nimekuja. Nikasema hajui, yuko machimboni tangu Jumamosi, ameondoka kwa sababu ya ukungu.

Akaingia ndani akafunga mlango. Nilisimama uani kwake muda, kuku wananizunguka miguuni, kisha nikaondoka. Njiani nilitegemea nitajisikia nimetua mzigo, watu husema hivyo. Nilijisikia kama nimeuhamishia bega lingine tu.

3 Aprili

Shemeji alikuja mchana nilipokuwa shambani, akamwambia mama yake. Niliporudi nikamkuta mama mkwe amefunga khanga zake kwenye mfuko wa plastiki, na mwanawe amekibeba kiti chake kichwani. Nikapiga magoti. Mama mkwe akaniambia niinuke, nitachafua gauni.

"Wanangu wamekaa miaka mitatu bila kunywa maji pamoja," akasema. "Na wewe ulikuwa unaniogesha kila jioni, unanisugua mgongo, umenyamaza. Niache nikakae kwanza na yule mwingine."

Wakaenda. Watoto wameniuliza bibi atarudi lini. Nimewaambia amekwenda kutembea.

4 Aprili

Mvua. Mia na ishirini na sita. Nyumba ina sauti nyingi mtu akiwa peke yake. Paa, bomba, panya.

5 Aprili

Nimekaa kwenye tuta la ishirini, sikuweza kuinuka. Si ugonjwa. Nilitazama tu maua meupe, mapya, yamefunguka asubuhi hiyohiyo, mazuri mno, na kila moja nikajua kwamba tayari limeshaliwa. Nimefikiri ning'oe miche yote. Nimeshika mche mmoja kabisa, nikauvuta, mizizi ikaanza kukatika. Kisha bibi shamba akanikuta. Akainama akaanza kuondoa majani makavu, tuta lile lile, upande wa pili. Baada ya muda na mimi nikaanza. Tumefanya kazi hadi saa saba. Buti zake hazing'ai tena.

6 Aprili

Jioni, giza linaanza kuingia, nimesikia mkokoteni. Shemeji ameleta mizinga miwili, ameifunga milango kwa majani, ameifunika kwa gunia. Nikakimbilia kushika upande mmoja. Akaniambia niache, niwashe taa tu.

Akaipanga katikati ya shamba, juu ya mawe, mlango umetazama mashariki. Akanipa mgongo akiiweka sawa, akasema bila kugeuka, "Sijaja kwa ajili yako. Nimemchukia kaka yangu miaka mitatu bila haki. Hilo ndilo lililonileta."

Nikasema asante. Hakuitikia.

7 Aprili

Bibi shamba amefunga visanduku milangoni. Ni vidogo, vya mbao nyembamba, vina njia mbili: nyuki anatokea upande wenye unga, anarudia upande usio na unga. Shemeji alivikagua kwa kucha, akasema kona moja itawachubua mabawa, akaisugua kwa msasa. Wawili hawa wameelewana papo hapo, wanaongea kuhusu nyuki kama watu wa kijiji kimoja.

Saa tatu jua likatoka. Nyuki wa kwanza akatoka, akasimama mlangoni, amejaa vumbi miguuni kama mwokaji mikate. Akaruka. Nilimfuata kwa macho mpaka alipotua. Akatua kwenye kichaka cha magugu nje ya uzio.

"Wote hawatapenda stroberi mara moja," shemeji akamwambia bibi shamba. "Kata yale magugu."

Mimi ndiye niliyekuwa na panga. Nikayakata yote, mpaka viganja vikatoka malengelenge.

8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nyuki hawakutoka.

9 Aprili

Mvua. Hawakutoka.

10 Aprili

Mvua. Hawakutoka. Shemeji amekuja saa kumi na mbili kama jana, amebadilisha unga uliolowana, ameweka sikio kwenye mzinga, ameondoka. Anawasalimia watoto, anamsalimia bibi shamba, mimi ananipita kama mti. Bibi shamba ameniambia ua likikaa siku tatu bila kuguswa limekwisha kuwa la ukungu. Nilimwomba asiniambie tena mambo ya namna hiyo, hata kama ni kweli. Akasema samahani, mama. Alionekana mdogo sana.

Mia na arobaini. Haya yanatoka kwenye maua ya mwezi uliopita, amesema nisiyahesabu kama kushindwa. Nayahesabu hivyo.

11 Aprili

Saa mbili za jua. Wametoka. Nimesimama kama mlinzi, nikihesabu maua waliyogusa tuta la kumi na nane. Arobaini na moja. Kisha wingu.

13 Aprili

Mume wangu amepiga. Nimemwambia nimekiri, nyuki wapo, mama amehama.

"Nilikukataza," akasema.

Nikasema ndiyo. Akauliza mdogo wake amesema nini. Nikamwambia amesema amekuchukia bila haki. Akakata. Hakunipigia tena, na nilipompigia simu ilikuwa imezimwa.

14 Aprili

Jua, saa tatu hadi saa tisa. Nyuki wamejaa shambani.

15 Aprili

Jua.

16 Aprili

Jua, na upepo kidogo. Naogopa kuandika.

18 Aprili

Mama mkwe amerudi. Mwanawe amembebea kiti. Kasema choo cha kule mlango wake haufungi, na yeye katika umri wake hawezi kuimba kila anapokwenda haja. Nikamwandalia maji ya kuoga. Akaniruhusu nimsugue mgongo. Alipovaa khanga akaniambia, "Mimi nimerudi. Kusahau sijarudi nako."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

22 Aprili

Mvua. Mia na kumi.

27 Aprili

Mvua, jua, mvua. Tisini na tano. Watoto wa nyuki wameongezeka, nimesikia shemeji akimwambia bibi shamba.

2 Mei

Maua yale ya tarehe saba na kumi na moja sasa ni matunda, yanaanza kupata wekundu. Nayapita bila kuyageuza. Siwezi.

5 Mei

Nimeyageuza.

Tuta la kumi na nane nimechuma thelathini. Mawili yana ukungu. Ishirini na nane ni safi juu na chini. Nikadhani macho. Nikaenda la kumi na tisa, nikarudi la kumi na saba. Yale ya pembezoni mwa shamba, mbali na mizinga, bado yanaoza, na yale ya siku za mvua yameoza karibu yote. Lakini katikati ni safi. Nimechuma hadi ndoo ikajaa, nikaendelea kuchumia kwenye khanga.

Sikuwa na wa kumwita. Nikamwita shemeji, alikuwa kwenye mizinga. Akaja, akaligeuza tunda moja, la pili, la tatu. Akatia moja mdomoni. Akarudi kwenye mizinga yake.

8 Mei

Bibi shamba ameweka kumi kwenye mtungi siku tatu zilizopita. Leo moja tu lina ndevu. Amelia. Kumbe ofisini kwao walimwambia anapoteza wakati wa watu. Nimemkumbatia mtoto wa watu, tope kwa tope.

10 Mei

Lori limekuja. Dereva amefungua vikasha vyote kama siku ile, na safari hii hakupanga kitu chini. Bado ni theluthi ya mavuno ya mwaka mzuri. Theluthi mbili ziko shimoni, nimezifukia kwa mikono yangu. Lakini mnunuzi amesema lori litarudi wiki ijayo.

11 Mei

Shemeji amekuja barazani, amesimama chini ya ngazi. Akaniomba simu. Ameniomba mimi, kwa mdomo wake. Nikampa, nikataka kuondoka, akasema nisihangaike. Nikaondoka hata hivyo, nikaenda jikoni.

Simu ilipokelewa. Nilisikia upande wake tu. Alisema, "Kaka." Kisha akasema, "Kwa nini hukuniambia?" Akasikiliza. Akasema yeye angemwelewa, na baadaye akasema hapana, asingemwelewa, kweli asingemwelewa. Mama mkwe alikuwa ameshika mwiko, mchuzi unaungua, hakuna aliyeuepua.

"Rudi nyumbani," nikamsikia akisema. "Hicho kifua nakisikia mpaka huku. Rudi, matunda ni mengi kuliko mikono."

17 Mei

Amerudi jana. Amekonda, shingo imekuwa ndefu, na akipanda ngazi tatu za baraza anapumzika. Daktari wa machimboni amemwambia asirudi tena kwenye vumbi. Amemwambia hivyo kana kwamba ni ushauri mpya. Nilimwuliza kama bado ameudhika na mimi kwa kusema. Akasema ameudhika, na pia amelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya nyuki. Yote mawili, akasema, nisichague moja.

Leo asubuhi yeye na mdogo wake walikuwa kwenye mizinga. Nilikuwa matutani, siwasikii, nawaona tu, mmoja ameinama anaonyesha kitu kwa kidole, mwingine amekohoa, yule wa kwanza amemshika bega mpaka kikohozi kikapita. Sikuwasogelea. Nilijua hapo si pangu bado.

Saa tano shemeji alipita tuta langu akielekea getini. Akasimama. Ni mara ya kwanza tangu aje na mkokoteni kusimama shambani kuongea nami.

"Bado sijakusamehe, shemeji," akasema.

Nikasema najua.

Akayatazama maua ya tuta la mwisho, yale yaliyokuwa bado yamefumba. Akasema kesho yatafunguka, unga utakuwa umelowana, na kaka yake hawezi kuinama muda mrefu. Itabidi mimi nijifunze kubadilisha unga wa kisanduku.

"Njoo saa kumi na mbili kabla hawajaamka," akasema. "Usivae manukato, hawayapendi."

Nikamwambia nitakuja.